Kipimo cha Maji ya Ziwa

Msomaji, ukienda soko la Kibuye mjini Kisumu utawaona akina mama wameketi nyuma ya marundo ya omena, na mbele ya kila mmoja ipo gorogoro. Chombo hiki ni mkebe mtupu tu, walakini heshima yake ni kubwa. Muuzaji akionekana anapima kwa gorogoro ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani, kelele husikika soko zima, maana kila mnunuzi ajua kwamba kipimo cha uongo ni wizi. Watu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi. Watu wa ziwa wana gorogoro. Na wote wamekubaliana juu ya jambo moja, ya kuwa hapana biashara ya haki pasipo kipimo cha haki.

Sasa nakuuliza swali. Omena hao wametoka ziwani. Ikiwa maji waliyoishi yalikuwa na sumu, ni gorogoro gani itakayoipima? Sumu yenyewe huenda haina rangi wala harufu, na kiasi chake pengine hakitoshi kufunika ncha ya sindano. Hata hivyo wanadamu wamejifunza kuipima, na namna walivyojifunza ni habari ndefu yenye faida. Nataka kukusimulia habari hiyo, tuone jinsi ilivyofika katika mwambao wa Kisumu, na hasara iliyopatikana huku siku ambayo kipimo kilitakiwa kikakosekana.

Kwanza tufahamu jambo tunalolinena. Wataalamu wa kemia huviita vitu vya kikaboni vile ambavyo molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Mwili wako una vitu hivyo. Kadhalika majani, sukari, mafuta ya taa, sabuni, na dawa nyingi za kuulia wadudu. Vikiingia majini na kuyaharibu huitwa vichafuzi vya kikaboni, navyo ni jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni vile vinavyooza: kinyesi, damu ya machinjioni, maji ya jikoni, masazo ya miwa. Hivyo huliwa na bakteria, na bakteria wanapokula huitumia oksijeni iliyomo majini, hata samaki wakakosa pumzi. Jamaa ya pili ni vile visivyooza upesi, kama dawa ya DDT. Hivyo havimnyimi samaki pumzi, bali huingia katika mafuta ya mwili wake vikakaa. Jamaa ya kwanza huua kwa haraka na kwa wazi. Ya pili hudhuru polepole na kwa siri. Kila moja ilihitaji kipimo chake.

Tuangalie na mahali penyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na fungu la Kenya ni kama asilimia 6 tu. Mkono wa ziwa unaoingia ndani ya nchi yetu huitwa Ghuba ya Winam, ambayo ramani za zamani huiita Ghuba ya Kavirondo. Kisumu iko kwenye kona yake ya mashariki. Kina cha ghuba hii ni kifupi, na njia yake ya kutokea kwenye ziwa kuu, karibu na kisiwa cha Rusinga, ni nyembamba. Mito ya Nyando, Kibos na Sondu huingia humo, ikileta kila kilichooshwa na mvua mashambani na mijini. Na ziwa zima lina mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Nile, mbali kule Jinja. Kwa ajili hiyo, kitu kikiingia katika maji ya Winam hakitoki kesho wala kesho kutwa.

Kipimo cha kwanza cha maji kilikuwa mwili wa binadamu. Mvuvi wa Dunga hutazama rangi ya maji asubuhi akajua kama mto umeshuka na tope usiku. Huvuta harufu, huonja, hutazama samaki anavyotweta. Elimu hiyo si ya kudharauliwa, kwani iliwalisha watu vizazi vingi kabla ya chuo chochote kujengwa. Lakini reli kutoka Mombasa ilifika ufukoni hapa Desemba 1901, na mahali palipoitwa Port Florence pakakua kuwa mji wa Kisumu. Mji ukaleta bandari, machinjio, karakana na mifereji ya maji machafu. Baadaye viwanda vya sukari vikajengwa katika bonde la Nyando, kule Miwani, Muhoroni na Chemelil. Hapo pua na macho vikaanza kushindwa. Pua husema kwamba maji yananuka. Haisemi yananuka kiasi gani, wala kama yamezidi ya mwaka jana. Na watu wawili wakishindana, mmoja asema maji ni mabaya na mwingine asema ni mazuri, pua haiwezi kuwa hakimu, kwa sababu kila mmoja ana pua yake.

Usidhani shida hiyo ilikuwa yetu peke yetu. Mwaka wa 1858 mto Thames ulinuka mno katika joto la kiangazi, hata mapazia ya Bunge la London yakalowekwa katika dawa ya chokaa ili wabunge wapate kuketi. Harufu hiyo iliwalazimisha kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Walakini hata wao hawakuwa na namba ya kueleza ubaya wa mto wao.

Namba ilipatikana kwa njia ya oksijeni. Mwaka wa 1888 mwanakemia wa Budapest aitwaye Lajos Winkler alitangaza njia ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini. Msomaji uliyekwisha kushika bureti katika maabara ya shule utaielewa bila taabu. Chupa hujazwa maji pomoni, pasibaki hata povu moja la hewa. Hutiwa chumvi ya manganizi na alkali yenye iodidi. Kama oksijeni imo, tope la rangi ya kahawia hufanyika. Kama haimo, tope huwa jeupe. Kisha hutiwa asidi, tope likayeyuka, na iodini ikatoka kwa kadiri ileile ya oksijeni iliyokuwamo. Mwisho iodini hiyo hupimwa kwa matone ya thayosalfeti, na wanga kidogo hutumika kama shahidi: maji huwa ya buluu, na tone la mwisho huiondoa buluu mara moja. Hesabu matone yako, nawe umehesabu pumzi ya samaki. Katika kimo cha Kisumu, ambapo ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, maji safi ya joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Akiba hiyo si kubwa. Kamongo ataishi ikipungua, maana ana mapafu naye huja juu kuvuta hewa. Mbuta hana bahati hiyo.

Uingereza iliunda tume ya kifalme mwaka wa 1898 kuchunguza maji machafu ya miji, na katika taarifa yake ya mwaka wa 1912 tume hiyo ikaweka kipimo kilichoenea duniani. Pima oksijeni ya maji leo. Yafungie gizani katika chupa kwa siku 5. Kisha pima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo iliyotumiwa na bakteria, na kadiri ilivyopungua ndivyo uchafu uozao ulivyo mwingi. Maji machafu ya mji ambayo hayajasafishwa aghalabu hudai miligramu 200 mpaka 400 za oksijeni kwa kila lita. Maji yatokayo katika mitambo ya kutengeneza spiriti kwa molasi huweza kudai makumi ya elfu. Linganisha deni hilo na akiba ya miligramu 7, utaona mara moja kwa nini mfereji mmoja mdogo waweza kuua samaki katika kijito kizima.

Lakini mbona siku 5, wala si 3 wala 10? Jibu linalosimuliwa ni kwamba hapana mto wa Uingereza ambao maji yake huchukua zaidi ya siku 5 kufika baharini. Jambo litokealo siku ya 6 lilikuwa shauri la bahari. Sasa fikiri, msomaji: kipimo hiki kilikatwa kwa mito mifupi ya nchi ya baridi, nasi twakitumia katika ghuba ya joto, penye maji yasiyo na haraka ya kwenda popote. Ni kama kanzu ya kuazima. Yasitiri mwili, lakini mikono haikutoshi. Kila uchafu unaohitaji mwezi au mwaka kuoza hupita mbele ya kipimo cha siku 5 bila kuonekana. Ndiyo maana wanakemia waliongeza kipimo cha pili, cha kuchemsha maji pamoja na asidi na daikromati kwa muda wa saa 2, ili kuunguza karibu kila kitu cha kikaboni kilichomo. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka wa 2006 zilitaja vipimo vyote viwili: maji yanayomwagwa katika mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo cha siku 5, wala miligramu 50 kwa kipimo cha kuchemsha.

Hata hivyo vipimo hivyo viwili huitambua jamaa ya kwanza tu. Havikutuambia neno juu ya jamaa ya pili, nayo ilikwisha kuingia katika mito ya Nyanza kwa mkono wa watu wema.

Katika mabonde ya Nyanza palikuwa na inzi mdogo aitwaye usubi. Huyu huzaliana katika mito iendayo kasi, na kwa kuuma kwake huambukiza minyoo ambayo mwishowe hupofusha macho. Watu walihama mabonde yenye rutuba kwa kumwogopa. Mwaka wa 1939 Paul Müller wa Uswisi alikuwa amegundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Mwaka wa 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walianza kutia dawa hiyo katika mito ya bonde la Kodera, karibu na Oyugis. Wakati huo hapana aliyejua viluwiluwi vya usubi hujificha wapi. Mwaka wa 1950 tu ndipo McMahon na van Someren walipovikuta vimeshikamana na miili ya kaa wa mtoni. Dawa, hata hivyo, ilivifikia. Usubi alitoweka Kodera, na baadaye kazi hiyohiyo ikafanywa katika mito mingine ya Nyanza, hata ugonjwa ule ukang'oka. Wapo wazee walioona mpaka mwisho wa maisha yao kwa sababu ya kazi hiyo, na yeyote anayeilaumu leo na akumbuke hayo kwanza.

Lakini swali moja lilibaki bila kujibiwa: DDT iliyotiwa mitoni ilikwenda wapi? Dawa hiyo haiyeyuki vema majini, bali hupenda mafuta. Wala haiozi upesi. Ilipatikana njia ya mwaka wa 1945 ya kuipima kwa rangi ya buluu, lakini haikuweza kuona kiasi kidogo sana kilichotawanyika ziwani. Mtu alikuwa na uwezo wa kutia dawa mtoni, wala hakuwa na uwezo wa kuifuata ilikokwenda. Mkono ulikuwa umelitangulia jicho.

Jicho lilikuwa likitengenezwa kwingine, tena kwa ajili ya mambo mengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Mikhail Tsvet, alipokuwa Warsaw, alipitisha maji ya majani katika bomba lililojaa unga wa chokaa, akaona rangi zikiachana: kijani hapa, manjano pale. Kazi hiyo akaiita kromatografia, yaani maandishi ya rangi. Mwaka wa 1952 Waingereza A. T. James na Archer Martin wakaonyesha namna ya kutenganisha vitu vilivyogeuzwa kuwa mvuke, vikisukumwa na gesi ndani ya mrija. Na mwaka wa 1957 James Lovelock akatengeneza kifaa kidogo cha kukaa mwishoni mwa mrija huo. Ndani yake elektroni hutiririka na kufanya mkondo mdogo wa umeme. Molekuli yenye klorini ikipita, huzinasa elektroni, na mkondo hupungua. DDT ina klorini 5 katika kila molekuli. Basi kifaa hicho kikawa kama mbwa mwindaji wa DDT na ndugu zake. Huinusa hata ikiwa imebaki chembe ndogo mno.

Tuseme sasa mtaalamu ataka kujua kama maji ya Dunga yana DDT. Tumfuate. Hachukui chupa ya plastiki, kwa kuwa plastiki huweza kunywa sumu iliyomo au kutoa yake. Huchukua chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyooshwa kwa dawa ya kuyeyushia. Huiweka katika sanduku la barafu na kuandika mahali, saa na joto la maji. Maabarani huimimina lita moja katika faneli ya kutenganishia pamoja na heksani, ambayo haichanganyiki na maji, akatikisa. DDT, kwa kupenda mafuta, huyaacha maji ikahamia kwenye heksani. Heksani hukusanywa na kukaushwa polepole mpaka ibaki mililita moja. Hivyo sumu iliyokuwa katika lita nzima imekusanyika katika kiasi kidogo sana. Kisha husafishwa kwa kupitishwa katika unga maalumu, na sehemu yake ndogo hupigwa sindano kwenye mrija wa kromatografia, mwembamba kama uzi na mrefu wa mita 30 au zaidi.

Ndani ya mrija huo vitu hupiga mbio kama mitumbwi ya mashindano. Vyote huondoka pamoja, lakini kila kimoja hufika kwa wakati wake, na kila kinapofika kalamu ya mashine huchora kilele. Kilele cha DDT hujulikana kwa dakika ya kufika kwake, na kiasi chake kwa ukubwa wake, vikilinganishwa na DDT safi ambayo uzito wake wajulikana. Kwa njia hiyo huonekana mikrogramu moja katika lita, yaani sehemu moja katika sehemu bilioni moja. Ukitaka kufahamu udogo wa kiasi hicho, kumbuka kuwa sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Mtaalamu anatafuta sekunde moja katika miaka 32 ya maisha ya mtu, naye huiona. Na pengine huona hata sehemu ndogo kuliko hiyo.

Nawe utauliza: na yeye, tutamwaminije? Swali lako ni la haki, nalo ndilo swali la gorogoro yenye kitako kilichobonyezwa. Mtaalamu mwaminifu hupima pia maji safi yasiyo na kitu, kwa njia ileile na vyombo vilevile. Kilele kikionekana humo, ajue uchafu umetoka mikononi mwake. Tena huchukua maji mengine akayatia sumu ya kiasi anachokijua, akapima. Ikiwa ametia 100 akapata 60, ajue njia yake imepoteza 40, na aseme hivyo waziwazi. Kazi hizo za kujipima mwenyewe huchukua sehemu kubwa ya siku yake, wala hazimletei sifa. Pasipo hizo, mashine ya bei kubwa ni mkebe uliobonyezwa.

Tena yampasa kujihadhari na kufananisha. Huko Sweden, katika miaka ya 1960, Sören Jensen alikuwa akitafuta DDT katika samaki na ndege, akaona vilele asivyovijua vikijitokeza kila mara kando ya vile vya DDT. Angaliweza kuvipuuza, au kuvihesabu pamoja na DDT. Hakufanya hivyo. Alivifuata mpaka mwaka wa 1966 akatangaza kuwa ni PCB, mafuta ya viwandani yaliyotumika katika transfoma za umeme, ambayo hapana aliyedhani kwamba yameenea katika viumbe vya dunia. Uaminifu kwa alama ndogo isiyoeleweka ndio uliomfungulia mlango huo. Baadaye mashine zenye kupima uzito wa vipande vya molekuli ziliunganishwa na kromatografia, ili kilele kisijulikane kwa wakati wake tu, bali na kwa umbo lake.

Kwa macho hayo mapya watu waliona maana ya methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Sumu isiyoonekana majini huingia katika vimelea vya kijani. Omena hula vimelea na wadudu wengi. Mbuta hula omena wengi. Na ndege au mtu hula mbuta. Kila hatua mlaji hujilimbikizia mafutani alichokula. Kwa hiyo wachunguzi hawakutazama maji tu, bali samaki pia. Mwaka wa 1990 E. S. Mitema na F. K. Gitau walichapisha uchunguzi wao juu ya mabaki ya sumu za jamii ya DDT katika samaki wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kukataza DDT katika kilimo, tangu mwaka wa 1986. Lakini marufuku ya karatasi haiondoi kilichokwisha kukaa katika tope.

Sasa tumefika kwenye habari niliyokuahidi, ya hasara ya kukosa kipimo. Mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1990 minofu yake ilikuwa ikisafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na viwanda vya kuitayarisha vilikuwapo Kisumu na miji mingine ya ufuko. Mwaka wa 1999 zikaenea habari, kwanza kutoka Uganda, kwamba wako wavuvi wanaotia dawa za kuulia wadudu majini ili samaki wafe waelee, wapate kuwazoa bila taabu. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango wa samaki wa Ziwa Victoria, wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania pamoja.

Fikiri hali ya mvuvi wa ufuko wetu siku hizo. Yeye hakutia sumu. Alilala ziwani, akavuta nyavu, akaleta mbuta safi kama wa jana. Lakini soko kubwa lilikuwa limefungwa. Kiwanda kilipunguza kazi, wenye kukata minofu wakarudi nyumbani, na bei ufukoni ikaanguka. Angeweza kuapa kwa jina la baba yake kwamba samaki wake hana sumu, wala kiapo kisingemfaa, maana mnunuzi hakutaka kiapo. Alitaka hesabu ya maabara inayoaminika, iliyopimwa kwa mpango na kwa muda, ionyeshe kwamba sumu haimo. Serikali za nchi zetu wakati ule hazikuweza kumpa dhamana ya kumtosheleza. Hatia ya wachache ilikuwa imewaangukia wote, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuwatenga wenye hatia na wasio na hatia.

Kwa Kenya ilichukua zaidi ya mwaka mmoja mlango kufunguliwa tena, baada ya ukaguzi kutengenezwa, fuo za kupakulia samaki kuangaliwa, na samaki, maji na tope kuchukuliwa na kupimwa. Angalia vizuri kilichofungua mlango. Si huruma, wala si maneno matamu ya wajumbe. Ni namba zilizoandikwa na watu waliokesha mbele ya mashine, na ambazo mgeni aliweza kuzirudia akapata zilezile.

Kazi hiyo haikuisha hapo, maana kila zama huleta kichafuzi chake. Mwaka wa 2016 watafiti wa Kenya na wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa maji ya Nairobi na Kisumu, nao walikuta majini mabaki ya dawa za hospitali: dawa za kuua vijidudu, za maumivu, na hata zile za kupunguza makali ya UKIMWI. Mgonjwa humeza dawa, sehemu yake hupita mwilini ikaingia mferejini, na mitambo ya kusafisha maji machafu haikujengwa kwa ajili ya vitu hivyo. Je, huoni kwamba hii ni habari ya Kodera kwa sura nyingine? DDT iliokoa macho ya watu wa Nyanza, na dawa hizi zimeokoa maisha ya maelfu katika mwambao huuhuu. Mwenye akili hatasema tuache dawa. Atasema tuzifuate ziendako, ili jicho lisiachwe nyuma na mkono kwa mara ya pili.

Wazee walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Chupa za maji ya ziwa hili zimesafiri mara nyingi kwenda kupimwa katika nchi za mbali, na twawashukuru waliotusaidia. Lakini mwenye kukipima kitu ndiye mwenye kukinena, na wengine husubiri aseme. Mwaka wa 1979 Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, nayo ina kituo chake hapa Kisumu. Vyuo vikuu navyo vimesimama karibu na ufuko. Mashine hununuliwa, mtu wa kuitumia kwa uaminifu hanunuliwi, sharti alelewe.

Pengine mtu huyo ni wewe. Siku mwalimu wako atakapokupa bureti, thayosalfeti na wanga, usione kuwa ni mchezo wa kupatia alama za mtihani. Chota maji mfereji unapoingilia ziwani, chota mengine mbali kidogo, na mengine mbali zaidi. Jaza chupa pasibaki povu, na uhesabu matone. Andika namba uliyoiona, hata kama siyo uliyoitarajia, na urudie kesho. Njia hiyo ni ileile ya Winkler ya mwaka wa 1888, wala gharama yake si kubwa. Kisha peleka daftari lako kwa wavuvi wa Dunga, wakusomee rangi ya maji nawe uwasomee namba, mlinganishe.